Nguzo Kichwani kwa Bibi

Je, rafiki yako akikuonyesha picha aliyoipiga mwenyewe, akakukazia macho na kukuuliza, "Unaionaje?", wewe humjibu nini? Fikiri kwanza, usikimbilie kujibu. Restuta yeye hakuwa na haja ya kufikiri. Jibu lake lilikuwa moja tu, na lilimtoka hata kabla macho hayajatulia kwenye picha: "Nzuri."

Wala hakuwa mtoto mwongo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita hapo Tunduma, na adabu ile aliipata kwa mama yake. Kila alfajiri mama alikaanga maandazi, naye Restuta akajaza chai ya tangawizi kwenye chupa, kisha wakaenda wote barabarani, kule ambako malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia hupanga foleni usiyoona mwisho wake. Mwezi wa saba baridi ya huko huuma masikio, na madereva huteremka wamejifunika mablanketi mabegani. Mama aliwasalimia wa ng'ambo kwa Kibemba, "Mulishani?", na wa huku kwa Kiswahili, na kila mmoja alipata neno lake. Mwenye shati lililokunjamana kama karatasi ya kufungia vitumbua aliambiwa amependeza. Aliyeamka na uso wa usingizi aliambiwa leo anang'aa.

"Mama, yule wala hakupendeza," Restuta alinong'ona asubuhi moja.

"Najua, mwanangu. Lakini neno tamu halitozwi ushuru. Haya, mpelekee andazi lake."

Basi Restuta akalibeba neno hilo mpaka shuleni.

Shuleni kwao kulikuwa na klabu ya picha, iliyokutana kila Alhamisi baada ya masomo chini ya Mwalimu Ombeni. Vifaa havikuwa vingi. Kulikuwa na kishikwambi cha mwalimu, na simu walizoazima kwa wazazi. Darasani waligongomea kamba ya katani kutoka dirisha moja hadi jingine, na picha zilizochapishwa wakazibana hapo kwa vibanio vya nguo, zikaning'inia kama nguo za mtoto mchanga. Kisha kila mmoja alisimama na kusema anavyoiona picha ya mwenzake. Mwenye picha alitakiwa anyamaze mpaka wote wamalize.

"Picha yako ikienda kwa watu, wewe hutakuwepo kuitetea," mwalimu aliwaambia. "Acha ijisemee yenyewe. Na mnapopiga, tazameni kilichomo ndani ya fremu chote, cha mbele na cha nyuma. Halafu acheni uvivu wa miguu. Mnasimama mbali mno. Sogea."

"Mimi nilishasogea, Mwalimu," alisema Edson, mvulana mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. "Naishi Sogea tangu nizaliwe."

Darasa zima likacheka, maana Sogea ni mtaa wa palepale Tunduma, na mwalimu naye hakuweza kujizuia.

Rafiki mkubwa wa Restuta katika klabu ile alikuwa Gwantwa. Siku hizo walikuwa wakijiandaa kwa maonyesho ya shule, ambayo yangefanyika mjini Vwawa, na kila mwanachama alitakiwa kupeleka picha moja. Gwantwa alimpiga picha bibi yake, Bibi Ketrina, aliyekuwa ametoka kwenye shamba lake la kahawa huko Mbozi kuja kukaa nao kwa muda. Alipoichapisha tu, akamkimbilia Restuta.

"Ya Vwawa hii. Unaionaje?"

Restuta aliitazama. Bibi Ketrina alisimama wima katikati ya uwanja, amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vikang'aa. Alionekana mdogo kama punje ya mahindi iliyodondoka uani. Na nyuma yake, kule ng'ambo ya nyumba, kulikuwa na nguzo ya umeme. Kwenye picha nguzo ile ilionekana imeota katikati ya kilemba cha bibi, nyaya zikatanda huku na huku kama pembe.

Restuta aliiona. Nakwambia, aliiona vizuri kabisa. Lakini uso wa Gwantwa ulikuwa umejaa furaha, na Restuta hakutaka kuwa yeye wa kuizima.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Bibi amependeza."

Kesho yake, Alhamisi, picha ilipandishwa kambani. Edson akanyoosha mkono kabla hajaitwa.

"Mimi naona bibi ameunganishiwa umeme kichwani," alisema. "Sijui mita yake ya luku inasoma ngapi."

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika mpaka ofisini. Hata waliokuwa hawajaiona nguzo sasa waliiona, na hawakuona kingine. Mwalimu alipiga meza, wakanyamaza, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Gwantwa, ambaye kwa sheria hakuruhusiwa kusema, aligeuka akamtazama Restuta. Restuta alikuwa anatazama kucha zake. Gwantwa akaenda kambani, akabandua picha ya bibi yake, akatoka.

Restuta alimfuata mpaka kwenye bomba la maji.

"Wewe jana uliiona ile nguzo?" Gwantwa aliuliza.

"Niliiona."

"Ukaniambia nzuri."

"Sikutaka uumie."

"Ningeumia, ndiyo. Lakini ningeumia jana, tukiwa wawili. Leo nimeumia mbele ya darasa zima, na bibi yangu amechekwa." Aliikunja picha akaitia mfukoni. "Vwawa siendi. Na wewe usiniambie tena kitu changu ni kizuri, maana sitajua kama ni kweli."

Siku hiyo Gwantwa alirudi nyumbani peke yake, akapita njia ya nyuma ya soko. Ijumaa Restuta aliposogea kwenye dawati la Gwantwa, alikuta mkoba umewekwa pale alipozoea kukaa. Mwishowe akaenda kwa Mwalimu Ombeni, akamweleza yote, pamoja na lile neno la mama kuhusu ushuru.

Mwalimu alitabasamu. "Mama yako hakukosea. Neno tamu halitozwi ushuru. Lakini wewe ni mtoto wa mpakani, hebu niambie, lori lisilobeba kitu hulipia mzigo gani?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Ndiyo. 'Nzuri' yako ilikuwa lori tupu. Imepita bure, na haikumletea mwenzako chochote."

Restuta akainamisha kichwa. "Kwa hiyo Edson ndiye aliyefanya vizuri?"

"Edson alibeba mzigo, ila aliutupa juu ya miguu ya mtu. Nitazungumza naye. Wewe mwendee rafiki yako. Usianze na hukumu ya nzuri au mbaya. Mwambie jicho lako lilikwenda wapi kwanza, likatembeaje. Halafu mwambie, kama ungekuwa pale, ungesimama wapi."

Jumamosi Restuta akaenda. Alimkuta Gwantwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Umekuja kuniambia ni nzuri?" Gwantwa aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana. Nimekuja kukuambia ile picha haijakaa sawa."

Vidole vya Gwantwa vilisimama.

Restuta akachuchumaa kando ya ungo. "Nilipoitazama, jicho langu lilianza kwenye nguzo. Likapanda juu, likafuata nyaya, likatoka nje ya picha. Bibi nilimwona mwisho, nami nilisikitika, kwa sababu mikono yake ni ya kutazamwa. Ungehamia huku, upande wa jiko, nguzo ingefichwa na nyumba."

Gwantwa akauinua ungo. Akapepeta maharage, akapuliza makapi. "Na nini tena?"

"Ulisimama mbali."

"Hilo si langu. Muulize mwenyewe."

Bibi Ketrina alikuwa ameketi mlangoni anaota jua, na alikuwa anasikia kila neno.

"Shikamoo, Bibi," Restuta alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyemkataza. Akinikaribia ananikata miguu. Kwetu picha inayoishia kifuani ni ya kitambulisho, au ni ile inayotangulia mbele ya jeneza. Mimi bado natembea. Nataka viatu vyangu vionekane, watu wajue nilisimama."

Hapo ikawa kazi. Gwantwa aliomba simu ya mama yake, na Bibi akavaa tena kitenge na viatu vyake. Walimsimamisha kando ya ukuta wa jiko, na kweli nguzo ikapotea. Lakini Gwantwa akisogea, viatu vinakatika. Akirudi nyuma, uso unakuwa punje. Alichuchumaa, akapanda juu ya tofali, akainamisha simu. Wapi. Na kila picha iliyotoka, uso wa Bibi ulikuwa umekaza kama wa mtu anayesubiri sindano.

Gwantwa alimpa Restuta simu atazame. Lile neno la zamani lilifika mpaka kwenye ulimi wake. Akalirudisha.

"Bibi," alisema polepole, "kitenge kimekukaa. Lakini uso wako unaonekana kama kuna kitu kinakuuma."

Bibi Ketrina alimtazama, kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

"Ni goti, mwanangu. Hata siku ile ya kwanza lilikuwa linaniuma. Mwenzako ananiambia, 'Simama vizuri, Bibi,' nami nasimama vizuri. Nilikuwa natamani kukaa."

"Sasa mbona hukusema, Bibi?" Gwantwa aliuliza.

"Nilikuona umefurahi. Nikasema nisikuharibie."

Wasichana wale wawili walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu Alhamisi, na Gwantwa ndiye aliyeanza kucheka. Akakimbilia jikoni, akaja na kigoda. Bibi akaketi, akanyoosha mguu kidogo, akashusha pumzi ndefu. Na tazama jinsi mambo yalivyo: mtu aliyeketi hujikusanya pamoja, hachukui nafasi ndefu kama aliyesimama. Gwantwa akasogea. Akasogea tena. Viatu vilikuwemo, mikono imetulia magotini, uso umejaa mwanga wa jua la saa tatu, na hakuna aliyekatwa kitu.

Alhamisi iliyofuata picha ile ilining'inia kambani. Mwalimu Ombeni akamwita Edson aanze yeye. Edson alisimama akajikuna shingo.

"Jicho langu limeanza usoni," alisema. "Likashuka mikononi, likafika kwenye viatu. Halikutoka nje." Akanyoosha kidole kambani. "Ile ndoo ya pembeni mimi ningeiondoa. Na ile siku nilimcheka bibi wa mtu. Naomba unisamehe, Gwantwa."

Gwantwa aliitazama ndoo kama ndiyo kwanza anaiona. "Hata mimi ningeiondoa," alisema, akasahau kuwa alitakiwa kunyamaza.

Mwalimu Ombeni akaketi pembeni ya meza. "Watoto wangu, nyote mnaoga asubuhi kwenye baridi hii ya kwetu. Mtu akikumwagia maji yanayochemka, utaungua. Akikuonea huruma asikupe maji kabisa, utakwenda shule na uchafu wako, na utachekwa njiani. Anayekupenda hukuchanganyia maji, yakawa ya kuogeka. Ukweli ndivyo ulivyo. Mwenzako akikuuliza, usimnyime na usimuunguze. Tena mpelekee mapema, akiwa bado ana nafasi ya kurekebisha."

Mwalimu akabana picha iliyobaki, ya Restuta. Ilikuwa ya mama yake akimiminia dereva chai, na mvuke ulikuwa umefunika nusu ya picha.

"Haya, tunaionaje?"

Wanafunzi walitazamana. Restuta hakuwahi kumwambia mtu yeyote neno la kumuudhi, na kila wiki walimlipa vivyo hivyo. Msichana mmoja wa nyuma, Angel, alisafisha koo, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi naona ni nzuri."

Restuta akasimama. Akashika ukingo wa dawati.

"Mwalimu, najua mwenye picha hasemi. Naomba niseme moja tu." Akawageukia wenzake. "Nimewaambia 'nzuri' wiki zote, nanyi mkanirudishia 'nzuri', na mpaka leo sijui kama najua kupiga picha au sijui. Nilikuwa naogopa kuuliza. Lakini kila Alhamisi nilikuwa nataka mtu mmoja aniambie picha yangu ina kasoro gani. Gwantwa, anza wewe."