Gunia Kwenye Bomba la Maji Baridi

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, bomba la mvuke katika kiwanda cha kufulia mashuka lilifumuka kwenye kiungo, likamwunguza mama mpiga pasi bega na shavu. Saa nne Mkaguzi wa usalama, mwanamke wa maneno machache, alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika soketi iliyochomoka, kile kipande kinachounganisha mabomba mawili.

Ilikuwa ya maji. Meno yake ya ndani yalinyooka mwanzo hadi mwisho. Soketi ya mvuke meno yake hufinyana kuelekea katikati; kila ukikaza yanazidi kubana. Kwa nje hufanana kama mapacha, ila ya mvuke imegongwa alama ndogo ya nyota ubavuni.

"Nani aliifunga?"

"Mimi, jana," alijibu fundi bomba. Alikuwa mjomba wa Mkaguzi, aliyemlea na kumfundisha kazi. "Nilifunga nilichopewa, mama. Muulize mtunza stoo."

Mtunza stoo alikana. "Nilimpa mbili. Moja ya mvuke, moja ya bomba la maji baridi. Nikamwambia ipi ni ipi."

"Nani alisikia?"

"Tulikuwa wawili tu."

Kufika saa sita meneja alikuwa amemsimamisha kazi mtunza stoo. Alipita katikati ya wenzake ameinamisha kichwa, hakuna aliyempa njia. Mkaguzi mwenyewe alimwona mkosaji. Neno la mjomba hakuwahi kulipima.

Lakini kazi ni kazi. Alifungua sanduku la soketi za nyota. Zilikuja sita Jumatatu, zilibaki tano. Basi ya sita ilitoka kweli. Iko wapi?

Aliipata saa nane, nyuma ya mashine za kufulia. Bomba la maji baridi lilikuwa limefungwa kipande cha gunia kwa waya mpya. Bomba la mvuke huvikwa lisipoteze joto. La baridi linavikwa la nini? Alikata waya. Chini ya gunia palikuwa na nyota.

Alikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Saa tisa alimwita mjomba karakana, akafunga mlango. Mezani aliweka soketi mbili chini ya kitambaa.

"Mjomba, ingiza mkono. Niambie ipi ya mvuke."

"Unanipima mimi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa jicho hudanganya, kidole hakidanganyi."

Mzee aliingiza mkono. Alipapasa ya kwanza, akapapasa ya pili, akarudia.

"Hii," alisema.

Mkaguzi alifunua. Ilikuwa ya maji.

"Vidole vimekufa ganzi," mjomba alisema polepole. "Mwaka wa pili sasa. Jana zilichanganyika mfukoni, nikachagua kwa kupapasa bila kutazama nyota. Ningesema, wangenipa ufagio. Mimi, fundi wa miaka arobaini."

"Kukosea ni kukosea. Gunia ulilifunga saa ngapi?"

Mzee alianza kukunja kile kitambaa.

"Mjomba."

"Walipokuwa wanambeba yule mama. Niliiona soketi imedondoka nikajua. Alikuwa analia, na mimi nafunga waya."

"Kisha ukamtupia mtunza stoo."

"Nilijua utaniamini."

Neno hilo lilimchoma Mkaguzi. Alikumbuka mwezi uliopita, nyumbani, mjomba alipoinua sufuria ya moto kwa mikono mitupu bila kushtuka. Aliona. Akaona haya kuuliza, akaendelea kupakua.

"Na mimi nitaliandika kosa langu," alisema. "Nilijua kitu nikanyamaza."

Mbele ya meneja mjomba alikiri yote. Mtunza stoo, aliyeitwa arudi, hakuupokea mkono wa mjomba. Aliuliza tu, "Yule mama umeshamwambia?"

Saa kumi na moja Mkaguzi na mjomba walifika hospitali. Mpiga pasi alilala ubavu, nusu ya uso imefungwa bandeji. Alipomwona mjomba alijaribu kuinuka.

"Fundi, umekuja kunitazama? Mungu akubariki. Wengine wote hawajaja."

Mjomba alishika ukingo wa kitanda. Mkaguzi alingoja, wala hakumsaidia.

"Usinibariki," mzee alisema. "Ni mimi niliyekuunguza."

Mwanamke alimtazama kwa jicho lililobaki wazi, kisha akageukia ukutani.