Nyasi za Kaburi la Zuena

Kila asubuhi, kabla ya kuinjika chai, Hamisa alifagia. Alianzia mlangoni, akateremka na uwanja, akamalizia chini kabisa kwenye kaburi la mwanawe. Jani likichomoza, aling'oa. Fagio lake la chelewa liliacha mistari mizuri mchangani. Wapita njia pale Madale walisimama kumsifu.

Hamisa na mumewe Khalfani walizaliwa Kunduchi, pwani, ambako ardhi ni tambarare. Kiwanja chao cha Madale kilikuwa kwenye mteremko wa kilima. Khalfani alikuwa na duka Tegeta. Tangu serikali ilipofungua biashara ya nje, mchele wa nje ulijaa madukani, naye aliuza ule wa Thailand.

Binti yao, Zuena, alifariki kwa malaria kabla hajaanza shule. Walimzika palepale kiwanjani ili wawe naye karibu. Watu waliendelea kumwita Hamisa "Mama Zuena", naye aliitika. Kufagia kaburi ndiyo kazi pekee ya mama iliyobaki kwake.

Mwaka 1997 mvua za vuli zilikuja kwa kishindo. Watu waliziita El Nino. Maji yaliteremka uwanjani mekundu kama chai ya rangi. Chini ya kiwanja, karibu na barabara, yalichimba kijifereji. Kijifereji kikawa korongo. Kila mvua iliponyesha, ukingo wa korongo ulimeguka na kupanda juu zaidi. Ulikuwa unalifuata kaburi.

Khalfani alichukua magunia matupu ya mchele, akayajaza mchanga na kuyapanga mbele ya kaburi. Mvua iliyofuata, maji yalizunguka pembeni ya magunia na kuchimba pande zote mbili.

"Baba Zuena, mtoto atachukuliwa na maji," alisema Hamisa.

"Hachukuliwi."

"Unajuaje?"

Khalfani alikwenda kujaza gunia jingine. Hamisa akazidi kufagia. Aliona mahali pakiwa safi, maji yatapita haraka yaende zake.

Msomaji, usimcheke. Pwani, uwanja wenye majani ni uwanja wa mvivu, na kaburi lenye majani ni kaburi lisilo na mwenyewe. Hamisa alifanya alivyofundishwa na mama yake, na alifanya kwa mapenzi.

Jirani yao mmoja alikuwa Auleria, mama kutoka Bukoba, bibi shamba wa kata, yaani mtaalamu wa kilimo. Siku moja mvua ilipokatika, alikuja kuwajulia hali.

"Poleni na mvua, Mama Zuena."

"Tumeshapoa, Bibi Shamba. Karibu."

Auleria alitazama korongo, kisha akatazama magunia. Yalikuwa na maandishi ya kigeni, herufi za mviringo.

"Maandishi haya nayafahamu," alisema. "Serikali iliwahi kunipeleka mafunzoni huko."

"Thailand?" aliuliza Khalfani. "Kwenye majaruba ya mpunga?"

"Hapana, kaskazini kabisa, kwenye mkoa wa Chiang Rai. Umepakana na Burma na Laos. Sehemu kubwa ni milima."

"Ala! Mie nilijua kule ni bondeni kutupu."

"Majaruba yako bondeni, ndiyo. Lakini maji yake yanatoka mlimani. Mlima ukiharibika, na bonde linaharibika."

Khalfani alisogeza kigoda, Auleria akaketi.

"Mji wenyewe ni wa zamani sana," aliendelea. "Ulijengwa na mfalme zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Huko juu milimani walihamia watu wa makabila mengi. Walifyeka msitu, wakachoma, wakalima mpunga na mahindi. Udongo ukichoka, wanahama. Wengine walilima afyuni, ile ya kutengenezea madawa ya kulevya. Walanguzi walitajirika. Wakulima walibaki maskini, na wengi wao wakawa walevi wa afyuni hiyohiyo."

"Masikini! Na milima je?" aliuliza Hamisa.

"Ilibaki kipara. Mvua ikinyesha, udongo wote mtoni."

"Sasa wanakula nini?"

"Walisaidiwa kubadili kilimo. Sasa wengi wanalima kahawa, chai na matunda, na wageni wanakwenda kutalii. Lakini kahawa itasimama wapi udongo ukiwa unaondoka? Kwa hiyo wakapanda na nyasi. Nilisimama katikati ya nyasi hizo kwenye mteremko mkali kuliko huu wenu, na udongo ulikuwa umetulia."

Auleria aligeukia korongo. Alijua kwamba maneno yaliyobaki ni magumu.

"Mama Zuena, uniwie radhi. Korongo hili halijachimbwa na mvua peke yake. Fagio nalo limechimba."

Hamisa alisimama. "Unasema mie ndiye ninayemfukua mwanangu?"

"Nasema hukuambiwa. Mizizi ya majani ndiyo inayoshika udongo. Ukiing'oa na kufagia, udongo unabaki mwepesi, na maji yanapata mbio. Acha majani yaote. Hata pale kaburini."

"Kaburini! Watu waseme nimemsahau?"

Aliingia ndani akafunga mlango. Auleria aliaga kwa sauti ya chini akaenda zake. Aliyoyasema yalikuwa ya kweli, lakini yalimuumiza Hamisa vibaya sana.

Alasiri mvua ilirudi. Hamisa alisikia kishindo kule chini. Alitoka mbio bila hata khanga kichwani. Ukingo wa korongo ulikuwa umemeguka tena. Kibao cha alama miguuni mwa kaburi la Zuena kilikuwa kimelala upande. Khalfani alikuwa amepiga magoti kwenye tope, amekishika kwa mikono miwili, analia.

Hamisa alipiga magoti karibu yake. Walikaa hivyo mpaka mvua ikapungua.

"Hamisa," alisema Khalfani, "siku ya maziko tulichomeka nini kichwani mwa kaburi?"

"Ukuti wa mnazi."

"Mkavu?"

"Mbichi."

Hamisa alitazama kaburi lisilo na hata jani moja. Siku ile ya kwanza walimwekea mtoto kitu kibichi, na tangu hapo yeye alikuwa anang'oa kila kibichi kilichochomoza hapo.

"Kamwite Bibi Shamba," alisema.

Auleria hakuja na lawama. Alikuja na jembe na matita ya nyasi kutoka kwenye shamba lake.

"Zinaitwa vetiva," alisema. "Kwa juu zinafanana na mchaichai. Kwa chini mizizi yake inakwenda wima, mirefu kuliko mtu."

"Hazileti nyoka?" aliuliza Hamisa.

"Ukiziacha zifumane, nyoka atajificha. Uzikate ziishie magotini, na chini pawe panaonekana."

Walifunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, wakaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kwenye ncha ya juu. Kamba ikisimama katikati kabisa ya mti wa kukingama, miguu miwili ya miti iko usawa mmoja. Kwa njia hiyo walipata mstari unaokatisha mteremko, usiopanda wala kushuka. Walipanda nyasi kwa kubananisha, kisha wakashuka wakapanda mstari mwingine. Mmoja ulipita upande wa juu wa kaburi, mwingine upande wa chini. Juu ya kaburi lenyewe Hamisa alipanda majani mafupi yanayotambaa. Alipanda peke yake, na wenzake walimwachia.

Magunia hawakuyatupa. Waliyapanga ndani ya korongo pamoja na mawe, yakawa kama ngazi, ili maji yashuke polepole. Maji ya bati waliyakinga kwenye pipa.

Hamisa aliendelea kufagia mlangoni na jikoni. Kutoka hapo kwenda chini, fagio halikufika tena. Asubuhi za mwanzo mikono ilimwasha kwa hamu ya kufagia. Alikwenda kaburini akiwa na ndoo ya maji badala ya fagio, akamwagilia siku ambazo mvua haikunyesha, akazungumza na mtoto, akarudi.

Masika ya mwaka uliofuata yalinyesha. Maji yalifika kwenye mstari wa nyasi, yakapunguza mbio, yakapenya taratibu. Udongo ulibaki nyuma ya nyasi. Ukingo wa korongo haukusogea tena.

Siku ya Iddi ya kuchinja, Somoe, dada yake Khalfani, alikuja kutoka Kunduchi. Alishuka hadi kaburini, akashika kiuno.

"Wifi! Kaburi la mtoto limeota majani hivi? Mmeshindwa hata kufagia?"

Ndiyo maneno aliyokuwa akiyaogopa Hamisa. Khalfani alifungua mdomo kumjibu dada yake, lakini Hamisa alimzuia. Alimshika Somoe mkono, akamsogeza kwenye mstari wa nyasi.

"Hebu zing'oe, wifi."

Somoe alivuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, mpaka ushungi ukamdondoka.

"Hazing'oki!"

"Ndizo zinazomshika Zuena," alisema Hamisa.

Somoe aliziachia nyasi. Aliokota ushungi wake, akajifunika. Kisha akachutama karibu na kaburi, akaanza kumsomea mtoto Fatiha.