Teke la Dada Mwekundu

Kila siku Mwamina akitoka shule alikula, akaosha vyombo, kisha akaenda kwenye chumba cha kompyuta cha mjomba wake Kaimu, nyuma ya soko la Nachingwea. Alikuwa darasa la sita. Asubuhi watu wazima walijifunza kuchapa barua katika chumba kile. Jioni kiligeuka uwanja wa vita. Vijana walijazana kwenye mabenchi wakisubiri zamu ya kucheza gemu moja la zamani la kupigana, ambalo wenyewe waliliita Ngumi za Mtaa.

Lilikuwa gemu la kikatili. Wapiganaji walipigana ngumi na mateke mpaka meno yakaruka, na aliyeshindwa alilala kwenye lami damu ikimtoka puani. Mwamina alimpenda mpiganaji mmoja, mwanamke mwenye nywele nyekundu, ambaye vijana walimbatiza Dada Mwekundu. Alimchezesha kwa ukali hata Imrani, kijana mkubwa aliyebeba magunia ya ufuta sokoni, hakupenda kupangiwa naye.

Mwaka 2008 mvua zilipoanza, radi iliiunguza kompyuta ile ya zamani. Mjomba Kaimu alipata nyingine mpya, lakini alipoweka sidii ya gemu, kioo kikawa cheusi, kisha gemu likajifunga lenyewe. Akajaribu tena na tena. Imrani alikasirika, akaupiga mlango teke mpaka bawaba ikang'oka.

Mjomba Kaimu aliyasomea mambo ya kompyuta chuoni Mtwara. Alimweleza Mwamina kuwa picha na sauti bado zilikuwa nzima kwenye sidii. Kilichokufa ni injini ya gemu, yaani programu ya ndani inayoamua nani kapigwa, nguvu zake zimepungua kiasi gani, na lini aanguke. Injini hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za zamani, na hizi mpya hazikuielewa.

"Tutaiandika upya," mjomba alisema. "Lakini lazima iwe kama ile ya kwanza. Ngumi iliyokuwa nzito ibaki nzito, na iliyokuwa nyepesi ibaki nyepesi. Tukibadilisha, hilo si gemu lile tena, ni letu."

Ili kuujua uzito wa kila ngumi, walihitaji kompyuta ya zamani ambayo bado ilifanya kazi. Mjomba alisikia kuwa ipo moja Ruangwa, kwa Bi Sofia, mama mwenye kibanda cha kuchapa karibu na stendi. Jumamosi moja wakapanda lori la mizigo wakaenda. Bi Sofia aliwapokea vizuri, akawasha jenereta, akamwita mwanawe Augustino. Mvulana huyo alikuwa rika la Mwamina, na hapakuwa na mtu wa kumshinda gemu lile pale mjini.

Kazi aliyopewa Augustino ilikuwa ya kuchosha. Alimsimamisha mpiganaji wake, Kipara, katikati ya kioo bila kujikinga, na Mwamina akampiga, ngumi moja, kisha teke moja, huku mjomba akiandika nguvu zilizopungua. Kipara alipigwa akafa, akafufuliwa, akapigwa tena. Augustino hakulalamika. Siku nyingine waliporudi alikuwa amekwisha kuwatengea viti.

Lakini kila kazi ilipoisha, watoto wale wawili walicheza pambano la kweli, na kila mara Augustino alishinda. Safari ya mwisho alimwangusha Dada Mwekundu, kisha akaendelea kumkanyaga kichwa pale chini huku marafiki zake wakicheka.

"Kumbe Nachingwea ndivyo mnavyopiga?" akasema.

Mwamina alipanda lori bila kuaga. Njia nzima alikuwa akiwaza jinsi ya kumwona Augustino naye akigaragara.

Injini mpya ilipokaribia kukamilika, mjomba aliwaalika vijana wa Ruangwa waje Nachingwea kwa pambano la uzinduzi. Mwamina ndiye aliyekuwa akichapa namba, mjomba akimsomea, kwa hiyo alijua kila namba ilikokaa. Ijumaa mjomba alipokwenda msikitini, Mwamina alifungua faili la wapiganaji, akatafuta mstari wa teke la Dada Mwekundu, akaongeza namba kidogo. Akaitazama. Akaongeza tena. Alijiambia kuwa zile ni picha tu, hakuna mtu atakayeumia.

Jumamosi chumba kilifurika mpaka watu wakachungulia madirishani. Augustino alifika na vijana wenzake wa Ruangwa, akamsalimia mjomba, akamsifia kwa kazi. Gemu lilipofunguka na muziki wake wa zamani ukasikika, watu walipiga makofi. Kisha Mwamina na Augustino wakakaa mbele ya kibodi.

Augustino alianza vizuri. Kipara alimbana Dada Mwekundu ukutani, akamchapa ngumi za mbavu. Mwamina akajitoa, akatupa teke la kwanza. Nguvu za Kipara zikashuka ghafla. Teke la pili likamyumbisha, na la tatu likamlaza chali. Nachingwea wakashangilia na kugonga meza.

Augustino hakukasirika. Alizitazama nguvu za Kipara kwenye kioo, kisha akamgeukia mjomba.

"Mjomba Kaimu, teke hili silo lile. Nilisimama nikapigwa nalo kutwa nzima. Halikuwa likiua namna hii."

Mjomba alikunja uso, akasogea aangalie. Kabla hajafika, kijana mmoja wa Ruangwa akasema kwa sauti kuwa wameitwa kuja kutapeliwa. Imrani akamjibu kwamba walioshindwa wanyamaze warudi kwao. Kijana yule akamsukuma Imrani, na Imrani akamtandika ngumi ya mdomo.

Ikawa vurugu. Mabenchi yalipinduka. Mtu mmoja alimpiga mwenzake kwa kigoda, na kioo cha dirisha kikavunjika kikawamwagikia waliokuwa chini. Mwamina aliona mkono umechanika na damu ikichuruzika juu ya kibodi. Mjomba alijitupa katikati, mikono ameinyoosha, akiwasihi waache. Imrani alikuwa ameokota kipande cha nondo. Aliuinua mkono kumpiga kijana wa Ruangwa, nondo ikampata mjomba kwenye mkono wa kulia. Mwamina alisikia mfupa ukivunjika. Mjomba akapiga magoti, akiukumbatia mkono wake.

Augustino aliogopa, akaruka dirishani akakimbilia sokoni. Imrani akamfuata akipaza sauti kuwa huyo kaja kuvunja mashine za watu. Hilo likatosha. Watu waliokuwa wakipima mihogo, ambao hawakuwahi kuliona gemu lile, waliacha mizani zao wakaokota mawe. Mmoja alimkata mtama, wengine wakamvamia kwa mateke. Augustino alitambaa mpaka kwenye rundo la magunia, akajikunja, akaficha kichwa. Jiwe likampata juu ya sikio. Damu ikamwagika shingoni, ikalowesha shati lake jeupe.

Mwamina alifika akihema. Aliona miguu ikimpiga mtu aliye chini, kama alivyoona mara nyingi kwenye kioo. Lakini pale palikuwa na harufu ya damu, na Augustino alikuwa akimwita mama yake. Akapenya kati ya miguu ya watu, akamlalia. Jiwe moja likamgonga begani, maumivu yakamfika mpaka vidoleni.

"Mimi ndiye niliyedanganya," alisema kwa nguvu. "Nililibadilisha gemu ili nimshinde. Huyu amesema kweli. Hajavunja kitu. Kama ni kupiga, nipigeni mimi."

Ilibidi arudie, maana wa nyuma walikuwa bado wanasukumana. Mama mmoja muuza nyanya akamtambua Mwamina, akamshika Imrani mkono na kumnyang'anya nondo. Watu wakatazamana. Mmoja baada ya mwingine wakayaachia mawe yao, na wengine wakaondoka haraka wakiwa wameinamisha vichwa.

Hospitalini Augustino alishonwa nyuzi kichwani, na mkono wa mjomba ukafungwa bandeji ya plasta. Polisi walimchukua Imrani pamoja na wengine walioonekana wakipiga. Bi Fatu, mama yake Mwamina, alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akamwambia binti yake kuwa Bi Sofia yuko njiani, na kwamba yeye Mwamina ndiye atakayemweleza, si mtu mwingine.

Bi Sofia aliwasili jioni ile, vumbi la barabara limemjaa nguoni. Alimwona kwanza mwanawe. Kisha Mwamina akampigia magoti, akamwamkia, akamweleza tangu kicheko cha Ruangwa mpaka jiwe la mwisho. Hakuacha kitu. Bi Sofia alitokwa na machozi, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu aliacha kucheza na wenzake ili awasaidie," alisema. "Nimekusikia. Kusamehe nitasamehe, ila leo siwezi. Nipe muda."

Maneno hayo yalimuuma Mwamina kuliko bega. Alipokwenda kwenye kitanda cha Augustino kumwomba radhi, Augustino alimwambia kuwa yeye pia alikosea kumcheka vile. Lakini aliongeza kuwa mtu akichekwa anaweza kusema, si lazima aibe ushindi.

Mjomba Kaimu aliporudi nyumbani usiku ule hakumgombeza. Alimwita chumba cha kompyuta, ambako vioo vilikuwa bado havijafagiliwa vyote, akamwambia afungue faili la wapiganaji na kuirudisha namba ya teke. Mwamina aliifuta namba yake, akachapa ile ya kwanza. Mjomba akamtaka amchezeshe Dada Mwekundu tena, kwa nguvu zake za kweli, mpaka wote wawili waridhike.

"Sikiliza, mwanangu," mjomba alisema walipomaliza. "Anayekaa mbele ya mashine hii haoni tulichoandika ndani. Anatuamini tu. Ni kama mgonjwa anayemeza dawa bila kuona ilivyotengenezwa. Ukimdanganya mtu mahali asipoweza kuona, umekwisha kumpiga, hata kama hujainua mkono. Na ukishaanza kumpiga kwa siri, wengine wanapata sababu ya kumpiga hadharani. Leo ulijitokeza ukasema kweli mbele ya mawe, na mtoto wa watu yuko hai. Hiyo kweli ingesemwa jana, hata mawe yasingeokotwa. Kazi ya mikono yako iwe safi hata pale unapojua hakuna atakayekagua."

Mwamina aliitikia. Mkono wa mjomba haungeweza kuchapa mpaka plasta itolewe, na injini ilikuwa bado na kazi. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kibodi. Mjomba alianza kumsomea namba, na kila alipochapa moja, Mwamina aliisoma tena kwa sauti ili naye mjomba aisikie.