Sehemu Aliyoiruka Primus

"Jamani, baba ameganda!"

Lukresia alisimama, mkono mdomoni. Kwenye televisheni, marehemu baba yake, Mzee Basili, alikuwa ameinua kata ya mbege, pombe ya ndizi, ambariki binti yake, mdomo wazi, uso umekatikakatika vipande vya rangi. Sebule nzima pale Uru ikashusha vikombe. Ilikuwa siku ya posa, ukoo umejaa, na CD hiyo ndiyo iliyokaa kwenye nafasi ya baba mtu. Mzee alirekodiwa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake mkubwa, Dominika, akiwa tayari mgonjwa, akambariki Lukresia naye hapo hapo, maana alijua siku ya huyu hataiona.

Macho yote yakamgeukia Primus, mchumba mwenyewe, mwenye kiduka cha kunakili CD kule Pasua. Ndiye aliyepewa ile ya asili ilipoanza kusumbua, aitolee nakala ya kutunzwa. Na alivyojisifu! "Haitapungua hata chembe, Mama!"

"Kuna nini, baba?" Mama Dominika, mjane wa marehemu, alimuuliza.

"Ni deki yenu, Mama. Imechoka."

Weee! Deki ile aliinunua marehemu kwa mkono wake. Mama Dominika akawaomba radhi mashemeji zake, akaizima, akaifunika na kitambaa cha kufuma.

Primus alimeza mbege bila kuisikia ladha. Alijua fika. CD ilikuwa na mikwaruzo, yeye kwa haraka zake akaipaka dawa ya meno na kuisugua kwa kuzungusha kama sufuria, badala ya kuifuta taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni. Mikwaruzo ikazidi. Kompyuta ilipokwama na kumuuliza ifanyeje, akabonyeza iruke. Ikaruka. Wala hakuicheza kuikagua, wateja walikuwa wanataka miziki yao.

Kesho yake meseji ya Lukresia ikaingia: "Mama hajala tangu jana. Anasema amemwaibisha marehemu kwa kutotunza kitu chake. Anaita fundi."

Primus akapiga simu.

"Lukresia, mwambie Mama asiite fundi."

"Kwa nini?"

"Asiite tu."

"Primus, asubuhi nimeweka CD ya kwaya. Imecheza mwanzo mpaka mwisho. Nakuuliza, kwa nini?"

"Ni mimi. Niliiharibu nikiinakili. Palipokwama nikaruka."

"Ulijua pale pale sebuleni?"

"Nilijua."

"Ukamwacha mama yangu, mjane, aombe radhi kwa kosa lako? Ukakaa unakunywa mbege yake?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako ukambebesha yeye! Kwa heri. Na usimwambie mtu kwamba una mchumba Uru."

Simu ikakatika. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Primus haikufika hata njia panda.

Siku ya pili akamkuta Lukresia mlangoni pa duka, khanga mabegani, macho yamevimba.

"Sikukufuata wewe. Nimefuata sauti ya baba yangu. Ipo au haipo?"

"Kidogo ipo. Tuanze upya, safari hii taratibu."

Primus akafunga duka, wakaenda Rau kwa Shedrack, mshindani wake wa biashara, ambaye Primus alizoea kumsema kwa watu kwamba hajui kazi. Leo Primus akasimama mbele yake kama mwombaji. "Niazime mashine zako za kusomea CD. Nimeharibu kitu cha watu."

Shedrack alicheka mpaka akakohoa. Lakini alimpa.

Pale pale wawili hao wakaisoma ile CD ya asili kwa mwendo wa pole kuliko wote, mashine moja baada ya nyingine. Pale moja ilipokwama, nyingine ilipita, nao wakaunga vipande. Kila kipande walikisoma mara mbili na kulinganisha, visipofanana, wanarudia. Lukresia alikaa amempa Primus mgongo. Mzee Basili akarudi, neno kwa neno, isipokuwa pengo moja ambalo kila mashine ililikataa.

"Hapo hapatoki tena," Primus akasema.

Lukresia akageuka. "Chukua sauti yake ya mwanzoni ubandike hapo. Mama hatajua."

"Hapana."

"Primus, Mama hali chakula!"

"Nimeshamdanganya mara moja, Lukresia. Pengo libaki. Litajulikana ni la nani."

Lukresia alivuta kiti akakaa wanatazamana.

Jumapili Primus akapanda Uru na jani la isale mkononi. Aliomba ndugu wale wale waitwe. Akapiga magoti katikati ya sebule.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Deki yako haina kosa. Kosa ni langu. Nilikudanganya mbele ya watu hawa, na mbele yao naomba unisamehe."

Isale kwa Mchagga halikataliwi. Ukiletewa, umesamehe, upende usipende. Mama Dominika alilitazama mpaka magoti ya Primus yakaanza kuuma.

"Ungelileta siku ile ile," akasema, "nisingelala njaa."

Akalipokea. Primus alitamani ardhi immeze.

CD ikawekwa. Mzee akainua kata. "Na wewe Lukresia, siku utakayotoka hapa, nenda na mtu..." Giza. Kimya. Kisha: "...na ukichoka, mlango huu hauna komeo."

"Hapo katikati nilipaharibu mimi," Primus akasema, macho sakafuni. "Sikupaziba."

"Rudisha nyuma," Mama Dominika akaagiza.

Ikarudishwa. Mzee alipofika kwenye giza, mjane wake akasema kwa sauti yake mwenyewe: "...nenda na mtu anayeweza kusema nimekosa."

Shangazi Bernadetha akashtuka. "Hee, wifi! Alisema hivyo? Mbona mimi nakumbuka alisema mtu mwenye ng'ombe?"

"Wewe ulikuwa jikoni."

Sebule ikaangua kicheko. Primus hakucheka. Ukweli wa maneno yale hataujua kamwe, kwa sababu aliufuta kwa mkono wake na dawa ya meno; amebaki na alichopewa na mama mkwe. Machozi yakamtoka mbele za watu.

Lukresia akaja akapiga magoti kando yake, akamshika mkono.

"Inua uso," akamnong'oneza. "Shangazi ameleta mpiga video. Na nakala ya leo utaitoa mimi nikiwa nimekaa mbele yako, nakutazama."