Mume Wangu Alikiri Kwamba Alinitaka kwa Ajili ya Kibali Tu

"Dada Nokwanda, mwenzako amekiri."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Amekiri nini?"

Afisa wa uhamiaji akavuta kiti, akakaa. Alikuwa na sura ya mtu aliyeshinda kesi.

"Amesema alikudanganya tangu siku ya kwanza. Hakupendi. Alikuwa anatafuta kibali cha kuishi Afrika Kusini, basi. Wewe hukujua chochote."

Jamani!!!

Yamikani? Yamikani wangu huyu niliyemuacha chumba cha pili nusu saa iliyopita, aliyenifuta unga wa magwinya, maandazi yetu ya huku, shavuni kabla hatujaingia?

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Neno kwa neno.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni Mxhosa wa Mdantsane, na ukinichokoza mara moja nakuchokoza mara mbili. Yamikani ni Mmalawi wa Zomba, fundi wa kunyoosha bodi za magari na kupiga rangi. Tulijuana alipogonga geti langu kuomba maji ya kunawa mikono. Nikamwambia maji yako baharini. Akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi, mwanaume akicheka utani wangu, nimekwisha.

Mwaka jana tukasajili ubia wa kiraia. Hakukuwa na kanisa, na mahari haijaenda popote maana wazee wake wako mbali. Tulikuwa sisi, mashahidi na msajili. Lakini kwa sheria za huku, ubia ule una haki sawa na ndoa. Mwenzako akiwa mgeni, anaruhusiwa kuomba kibali cha kuishi na wewe, mradi uhamiaji waridhike kwamba mnaishi pamoja kweli na hamfanyi biashara.

Hapo ndipo shangazi yangu Nolitha alipopata kazi.

"Huyo akishapata kibali, utamuona kisogo tu!"

"Shangazi, Yami hayuko hivyo."

"Wote hawako hivyo, mpaka siku wanapokuwa hivyo."

Nikamjibu kwa ukali. Lakini usiku ule sikulala vizuri, sitawadanganya.

Nikaanza kuona mambo...

Simu yake ikiita, anatoka nje. Anaenda kusimama kule uzioni, anaongea Kichewa kwa sauti ya chini. Na nani? Mungu ndiye anajua!

Siku moja nafagia chini ya kitanda, nakuta begi. Nikalifungua. Suruali, fulana, mswaki mpya, cheti chake cha kuzaliwa.

Mtu anayelala kwake anafungasha begi la nini?

Sikumuuliza. Nikalirudisha vile vile, nikaanza kumchunguza. Nikawa nanusa mashati. Nikawa namtega.

"Yami, ukipata kibali, cha kwanza utafanya nini?"

"Nitalala."

"Utalala wapi?"

"We mwanamke! Nilale wapi tena?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi, siku ya mahojiano ikafika. Wakatutenganisha, yeye chumba kile, mimi chumba hiki. Afisa wangu aliitwa Jantjies, kijana mtanashati kutoka Kimberley, ananukia manukato mpaka macho yanawasha.

"Analala upande gani?"

"Ukutani. Na anavuta shuka zote."

"Jana usiku mlikula nini?"

"Mngqusho wa mahindi na maharage. Akakomba mpaka sufuria."

Akatabasamu. Nikajua nimemuweza.

"Jina la baba yake?"

Nikanyamaza.

Nyie mliozaliwa kwetu mnajua. Mke hatamki jina la baba mkwe. Halitamki, haliandiki, hata akiwa anaugua homa. Ndiyo hlonipha, heshima tuliyolelewa nayo. Tangu siku niliyosaini ubia, baba yake Yamikani mimi namuita Tata, yaani baba. Yami mwenyewe sikuwahi kumweleza. Mambo haya kwetu hayaelezwi, yanafanywa tu.

"Dada, nimeuliza jina la baba yake."

"Siwezi kulitaja."

"Hulijui?"

"Nimesema siwezi."

"Huwezi au hujui?"

"Siwezi! Ni mwiko kwetu!"

Akaweka kalamu chini.

"Mwiko. Siku hizi kila anayekwama kwenye swali ana mwiko."

Akatoka, akaingia chumba cha Yamikani. Aliporudi ndiyo akaja na ile habari... mwenzako amekiri.

Sasa mnaelewa kwa nini niliamini? Simu za uzioni! Begi! Shangazi aliona mbali, mimi ndiye nilikuwa kipofu!

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Korido. Wanampeleka mahabusu, kisha anarudishwa kwao. Na kurudi huku asahau."

"Nipe dakika moja nimtukane."

Nadhani alinionea huruma. Akanifungulia mlango.

Yamikani alikuwa amekaa kwenye benchi, mlinzi pembeni yake. Aliponiona akainamisha kichwa.

"Mwanaharamu wewe!" Korido nzima ikageuka. "Nimekufulia! Nimekupikia! Nimegombana na ukoo mzima kwa ajili yako!"

Nikamsogelea.

"Begi lako si liko tayari? Lile la chini ya kitanda!"

Akainua macho.

"Uliliona?"

"Nililiona! Na huyo unayempigia kule uzioni, mwambie nakuja kumtafuta hukohuko Malawi!"

"Nokwanda... ni ndugu zangu, na uzioni ndipo mtandao unaposhika. Hata wewe unapigia palepale."

Jamani, ni kweli.

"Na begi?"

"Wakija kukamata wageni hawakupi nafasi hata ya kuchukua mswaki. Uliza Mmalawi yeyote hapa mjini, kila mmoja ana begi."

"Sasa kwa nini umesema hunipendi?"

Akamtazama mlinzi, akashusha sauti.

"Nenda nyumbani. Wewe hawakukamati tena."

"Wanikamate mimi? Kwa kosa gani?"

"Afisa kasema umegoma kutaja jina la baba. Kwa hiyo ubia wetu ni wa uongo, na mwenyeji anayeuza ubia anafungwa. Kasema lazima mmoja wetu awe mwongo. Nikamwambia ni mimi."

"Yami! Uliamini mimi silijui jina la baba yako?"

"Niliamini umenichoka." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Siku hizi unaninusa, unanitega, hucheki tena na mimi. Nikasema, hata kama amenichoka, jela asiende."

Nyie!

Mimi namvizia huyu mtu nikidhani atachukua kibali animwage. Yeye kakitupa kibali chenyewe, kajitupa na yeye mwenyewe, ili mimi nisiguswe. Na alikitupa akiamini simpendi!

Nililia kwa sauti, mbele za watu, bila aibu.

Kisha nikajifuta, nikarudi chumba cha Jantjies. Sikubisha hodi.

"Amekudanganya!" nikamwambia. "Amesema vile kwa sababu ulimtisha kwamba utanifunga!"

"Dada, tulia..."

"Situlii! Angekuwa mume wa biashara, jina la baba yake ningelitangaza hapa kama muuza nyanya! Limenishinda kwa sababu ni mume wangu kweli!"

Akaichukua tena kalamu yake. Nadhani lilimwingia kidogo. Lakini kazi ni kazi.

"Faili sijalifunga," akasema. "Ila siwezi kuandika kwamba umelia. Swali langu bado halijajibiwa."

Nje nikasikia mlinzi anasema, "Simama, gari limefika."

Nilimuona shangazi Nolitha mbele ya macho yangu kama yuko mle ndani, kidole kimenyooka. Nikafumba macho.

"Nisamehe, Tata," nikanong'ona.

Halafu nikalitamka. Kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

"Lyton Gawani! Anaitwa Lyton Gawani! Anafuga bata, goti la kushoto linamsumbua mvua zikianza, na kila Jumapili akipiga simu ananiuliza kama nimekula kabla hajamuuliza mwanawe!"

Nilipofumbua macho, Yamikani alikuwa amesimama mlangoni na mlinzi wake. Ndiyo mara ya kwanza kusikia jina lile kinywani mwangu. Alishika fremu ya mlango kama mtu anayetaka kuanguka.

Jantjies akakohoa.

"Mlete ndani," akamwambia mlinzi. "Tunaanza upya. Wote wawili, chumba kimoja."

Tulihojiwa mpaka koo likakauka. Yami alikemewa kwa kudanganya afisa, akakubali kosa, akaomba radhi. Wapendwa, kibali kimetoka. Nimekiona, nimekibusu, nimekificha mahali ambapo hata yeye hapajui.

Tatizo likabaki shangazi.

"Umelitamka?! Mbele ya wanaume?!"

"Shangazi, walikuwa wanamchukua."

"Mpigie mkweo sasa hivi umuombe radhi!"

Nikapiga, nimepiga magoti kabisa, shangazi kasimama nyuma yangu kama polisi. Nikamsimulia mzee yote. Ule mwiko. Yale mahojiano. Lile jina.

Simuni kikapasuka kicheko cha kifua kizima.

"Mwanangu, jina langu huku hata watoto wa jirani wanaliita wakiiba maembe yangu! Ungelitaja tu tangu asubuhi!"

Shangazi akakaa chini.

Kisha mzee akasema taratibu, "Lakini hakuna aliyewahi kuniheshimu hivyo. Endelea kuniita Tata."

Basi nyie mnaonisoma, hasa mlio na wapenzi wa nchi nyingine, wale mnaojazwa maneno na mashangazi na majirani kila siku. Afisa alituuliza maswali mengi siku ile, na mengi tuliyajibu vizuri. Yaliyotuponza ni yale ambayo mimi na Yami hatukuwahi kuulizana. Muulize mwenzako ukiwa jikoni kwako, mkiwa wawili, chai ikiwa bado ya moto. Usisubiri aje aulizwe na mtu mwenye muhuri.