Msimkimbize Terry

Kila Jumamosi Adongo alimsaidia mama yake, Dorca, kutengeneza viatu vya mitumba katika soko la Kibuye, ili viwe tayari kwa wateja wa Jumapili. Mama alipaka gundi kwenye soli, Adongo akazibana kwa nguvu zake zote. Kazi hiyo waliifanya nje ya kibanda, penye upepo, maana Dorca hakutaka mtu avute ile harufu.

Jumamosi moja mama alipotoka kidogo, Terry alikuja. Alisoma na Adongo gredi ya sita. Ndani ya mkono wa sweta alikuwa ameficha kichupa.

"Adongo, nimiminie gundi kidogo."

"Kiatu chako kiko wapi?"

"Kiatu cha nini? Nataka kunusa tu. Ukinusa, hata njaa unasahau."

"Hapana."

"Mwoga wewe! Wenzako wote wamejaribu."

"Niite mwoga mpaka sauti ikukauke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Gundi sikupi!"

Terry alibetua midomo, akaenda kibanda cha jirani kwa Fundi Oketch. Oketch alimmiminia bila hata kumtazama usoni.

"Fundi, huyo ni mtoto!" Adongo alipaza sauti.

Oketch akacheka. "Mimi nauza gundi, siuzi pua. Kila mtu na pua yake."

Haukupita muda mrefu, kelele zikasikika nyuma ya vibanda. Terry alikuwa akiyumba, macho mekundu, kichupa kimebanwa mdomoni. Alijigonga kwenye meza ya Mzee Gordon, nyanya zikamwagika chini. Mzee akaokota kipande cha mpira ampige nacho. Watu wakaanza kupiga miluzi, kwa sababu kuwakimbiza wavuta gundi ulikuwa mchezo wa soko zima.

Adongo alikumbuka maneno ya muuguzi aliyewatembelea shuleni. Akakimbia, akasimama katikati.

"Msimkimbize! Akishtuka akikimbia, moyo wake unaweza kusimama, afe hapa hapa!"

"Toka, mtoto!" Mzee Gordon alifoka. "Nani amekufundisha kubishana na wazee?"

Adongo hakusogea. "Nipige mimi, Mzee. Yeye hakimbizwi."

Dorca alifika akitweta, akasimama kando ya binti yake, mikono kiunoni. "Gordon, hebu jaribu uone!"

Mpira ukashuka. Miluzi ikanyamaza.

"Terry, ni mimi," Adongo alisema polepole. "Kaa chini. Hakuna anayekufukuza."

Terry alikaa, akatapika, kisha akalegea. Wakamlaza kwa ubavu penye hewa safi asije akapaliwa na matapishi, halafu wakampeleka hospitalini.

Huko alipokewa na muuguzi aliyeitwa Nakhungu. Alipomaliza kumhudumia, aliwaambia, "Mngemkimbiza, pengine mngeniletea maiti. Gundi huuvuruga moyo. Wengine hufa siku ile ile ya kwanza kuinusa. Anayeendelea nayo huharibu ubongo, ini na figo."

Terry alilia. "Nilidhani ni harufu tu."

Kesho yake Dorca na akina mama wote wanaouza viatu walijipanga mbele ya kibanda cha Oketch, hata mteja mmoja asipate pa kupita.

"Mnaniharibia biashara!" Oketch alifoka.

"Na wewe unatuharibia watoto," Dorca alijibu. "Hatuondoki mpaka uape."

Oketch aliwatazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayetania. Akaapa mbele ya soko kwamba hatamuuzia mtoto gundi tena.

Dorca akamgeukia binti yake. "Nyathina, mwanangu, jana ulimbishia mzee wala sikugombezi. Heshima ni kitu kizuri, lakini haishindi uhai. Mtu akikuletea sumu, mkatalie. Awe rafiki, awe fundi, awe hata mimi niliyekuzaa."