Fundi Aliyempima Papa Stanislas

Soko la Likasi lilikuwa limefurika siku Rosalie alipokutana na Placide. Kitenge cha kijani kimembana kiunoni, alikuwa anajaribu mipini ya piki mmoja mmoja, anaiegemea kama kizee. Kijana mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi akamcheka.

"Dada, weye unaenda kuchimba madini kule Kamatanda?"

"Natafuta fimbo ya baba. Na weye unatafuta nini, matusi?"

Placide alikuwa fundi wa mbao, anatafuta skrubu. Akaondoka na jina la Rosalie. Mvua za kwanza zilikuta mtaa mzima wa Shituru unajua wanapendana, maana simu za mji zilikuwa zimekufa, lakini mdomo wa jirani, Mama Madeleine, ulikuwa mzima.

Tatizo lilikuwa Papa Stanislas, baba yake Rosalie. Alikuwa amevunjika nyonga, fimbo haikutosha, na bila kubebwa hakufika hata chooni. Kaka mkubwa, Théodore, akaandika kwamba Pasaka atakuja kumhamishia kwake Kolwezi, na Rosalie amfuate kumhudumia. Mzee akageukia ukuta. Nyumba ile alilelea watoto sita. Hakutaka kufia ugenini.

Siku moja, Rosalie akiwa sokoni anauza unga wake, Mama Madeleine akachungulia dirishani akamwona Placide na mita, anampima mzee bega hadi ngumi, goti hadi kisigino. Mwaka ule mafundi wa mbao waliuza masanduku mengi ya maiti kuliko vitanda. Habari ikafika sokoni kabla gunia la unga halijafika nusu: binti kashamwagizia baba sanduku.

Rosalie akaenda mbio hadi atelie, karakana ya Placide, hakumpa hata nafasi ya kumeza mate.

"Rosa wangu, sikia kwanza."

"Rosa wako alikufa. Mupime yeye."

Mzee naye aliamini ni sanduku. Aliona kijana ana adabu, kuja kupima mapema.

Wiki mbili baadaye Placide akaja anasukuma mkokoteni. Vipande vyote alishavikata na kuviunga kwenye atelie, akavifungua, akaviandika namba kwa chaki, ili kifua cha mzee kisile vumbi. Rosalie alisimama mlangoni mikono kiunoni, lakini vile havikufanana na sanduku: vishikio vya ukutani vya kimo cha ngumi ya baba, kiti cha choo cha kimo cha goti lake, mteremko wa kupita kizingiti. Akasogea pembeni.

Saa sita mchana skrubu ya mwisho iliingia. Papa Stanislas akashika kishikio kimoja, akashika cha pili, akaingia bafuni, akafunga komeo mwenyewe. Maji yakamwagika.

"Kwa nini haukusema?" Rosalie aliuliza, kaegemea ukuta.

"Niliogopa kukuahidi, kisha nishindwe."

Rosalie akashika mikono ya Placide yenye vibanzi, akasema asante mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Ndani mzee akaita: "Musiningojee. Minye niko naoga."

"Théodore atakuja Pasaka kula tu," Rosalie akacheka na machozi yake.

"Na weye?"

"Baba haendi. Minye naenda wapi?"

"Basi Jumapili natuma baba zangu wadogo na posa."

"Watume. Wakuje wengi."